Hirizi ya Fedha na Haki za Warithi



Tumeletewa swali na ndugu zetu wa Awendo. Wasomaji wetu wa Mombasa, Lamu na Malindi ambao hawajapata kufika huko wajue ya kuwa Awendo ni mji mdogo katika Kaunti ya Migori, juu ya njia kuu itokayo Kisii kwenda Migori hata mpaka wa Tanzania. Ni nchi ya miwa; kiwanda cha sukari cha South Nyanza kilianza kusaga hapo mwaka 1979. Waislamu wa huko ni wachache katikati ya watu wa dini nyingine, na miongoni mwao wamo ambao asili yao ni huku kwetu pwani, wazee wao walioingia bara kwa biashara.

Waulizaji ni dada watatu. Wanasema marehemu mama yao, ambaye alikuwa mjane, aliacha watoto wa kiume wawili na wa kike watatu, na katika alivyoviacha mna hirizi kongwe ya fedha aliyoirithi kwa mama yake, mtu wa Lamu. Hirizi hiyo ni mfano wa mwanzi uliozibwa ncha zote mbili, umechorwa maua na maandishi, unaning'inia kwa mikufu, na chini yake mna njuga na riale moja. Kaka yao mkubwa aliichukua siku ya arobaini akasema hii ni kinga ya ukoo, haipimwi wala haigawanywi, na atakayeifungua nyumba itafikwa na balaa. Mjukuu mmoja aliposhikwa na homa alivishwa hirizi hiyo siku tatu kabla ya kupelekwa hospitali; Mwenyezi Mungu alimjaalia akapona, walakini baada ya kutiwa maji ya dripu na kukata tamaa. Kisha akatokea mnunuzi wa vitu vya kale, akataja bei kubwa. Hapo ndipo kaka akakubali kuwa kitu hiki ni mali. Sasa asema atakichukua yeye kwa bei ile ile, na dada zake atawalipa miwa itakapokatwa.

Wanauliza: Je, kuvaa hirizi hii yafaa? Je, ni urithi au si urithi? Je, malipo hayo ya kungoja miwa ni halali? Na kilichomo ndani kifanywe nini?

Kabla ya kujibu twasema neno moja. Sisi tumesikia upande mmoja tu, na asiyesikiliza pande mbili hana haki ya kuhukumu. Kwa hiyo hapa twasomesha, hatuhukumu. Ikiwa kaka yao ana maneno yake, mahali pake ni mbele ya kadhi. Walakini mambo yenyewe yanatukia katika majumba mengi ya pwani, na kwa sababu hiyo tumeona vema kuyajibu kwa urefu.

Neno hirizi asili yake ni la Kiarabu, nalo maana yake ni mahali pa kuhifadhia, boma, ngome. Mafakihi wanalitumia neno hilo hilo katika mlango wa wizi: mali iliyo katika hirizi yake ni ile iliyofungiwa sandukuni au nyumbani, na mwizi hakatwi mkono mpaka awe ameitoa humo. Basi mtazame, ndugu msomaji, jinsi mambo yalivyopinduka. Kitu tulichokiita mlinzi, twakifungia kabatini kwa kufuli mbili kisiibiwe.

Vyombo hivi vya fedha vina historia, nasi hatuoni ubaya kuieleza, kwani aijuaye asili ya kitu haogopi sura yake. Fedha nyingi ya hirizi za Oman, ambazo ndizo ndugu wa hizi zetu, ilitoka katika riale za Maria Theresa, yule malkia wa Austria aliyekufa mwaka 1780. Kila riale yake iliyopigwa baada ya kufa kwake yaonyesha mwaka huo wa 1780, hata zile zilizopigwa katika karne ya 20, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Sham na wa Ghuba hawakutaka kupokea sura nyingine. Uzito wake ni gramu 28 na kidogo, na katika kila sehemu sita tano ni fedha safi, sehemu moja ni shaba. Masonara wa Nizwa na Bahla waliziyeyusha, wakazifua vibati, wakafanya visanduku na miwanzi, wakavipachika marijani, na vingine wakavitia dhahabu kwa juu. Riale nyingine waliziacha nzima wakazitia kikuku zikaning'inia. Bibi harusi alivivaa vikawa ndiyo akiba yake. Siku ya shida akauza. Tangu mwaka 1970, mali ilipoongezeka Oman, wanawake wengi waligeukia dhahabu, na fedha zao za zamani zikamiminika katika soko la Mutrah zikanunuliwa na wageni. Lamu nayo ni mji wa masonara tangu zamani, wala hapana haja ya kuwaeleza watu wa Lamu habari zao wenyewe.

Ndani ya vyombo hivyo huwa mna karatasi iliyokunjwa, au ngozi, au hamna kitu. Viko vingi ambavyo sonara alivifunga kwa risasi tangu siku ya kwanza, havifunguki wala havikupata kutiwa chochote. Ni pambo lenye sura ya hirizi. Watu wamezirithi hewa hizo kwa vizazi, wakaapa kuwa zimewakinga.

Ama maandishi, asili yake ni ya namna mbalimbali. Iko iliyoandikwa Ayatul Kursi au sura za mwisho za Qurani. Iko yenye mraba wa nyumba tisa, ambao kila upande ukijumlishwa hupatikana 15, na katika pembe zake mna tarakimu 2, 4, 6 na 8, ambazo kwa hesabu ya abjadi husomwa "buduh". Waulizeni wanaoandika neno hili: Buduh ni nani? Ni malaika? Ni jini? Hawana jibu, kwa sababu si mtu wala si jina; ni hesabu ya pembe nne tu. Iko yenye herufi zilizotiwa viduara nchani, ambazo si Kiarabu wala si lugha yoyote. Na iko yenye majina ya watu wa pangoni, Yamlikha na wenzake, pamoja na mbwa wao Qitmir. Hili ndilo la ajabu zaidi. Mwenyezi Mungu katika Sura ya al-Kahf, aya ya 22, ametaja jinsi watu watakavyobishana juu ya idadi yao, kisha akamwamrisha Mtume wake aseme ya kuwa Mola ndiye aijuaye idadi yao, na kwamba hawaijui ila wachache, na asibishane sana juu yao. Qurani imenyamaza juu ya idadi. Fundi wa hirizi ametaja majina yao yote, na la mbwa akaongeza.

Wanahistoria wa zama hizi wamegundua jambo ambalo lafaa lijulikane katika kila darasa. Katika magofu ya Fustat, mji mkongwe wa Misri, zimeonekana hirizi za karatasi zilizopigwa chapa kwa kibao cha kuchongwa, za baina ya karne ya 10 na ya 14 kwa hesabu ya miladi, nyingine pamoja na vikopo vyake vya risasi. Yaani Waarabu walipiga chapa karne kadhaa kabla ya Gutenberg wa Ujerumani. Na ni nani waliopiga? Mshairi Abu Dulaf, aliyeishi karne ya 4 ya Hijria, katika shairi lake la habari za makundi ya waombaji na walaghai walioitwa Banu Sasan, amewataja wachongao vibao hivyo. Basi wanunuzi walidhani ni mkono wa sheikh ulioandika kwa udhu na zafarani, kumbe ni kibao kilichogongwa mara mia kabla ya adhuhuri. Elimu ya chapa ilikuwa mikononi mwetu, tukaitumia kuwauzia maskini makaratasi. Twaliandika neno hili kwa huzuni.

Sasa tuingie katika hukumu.

Hapana hitilafu baina ya wanavyuoni juu ya hirizi yenye majina yasiyojulikana, maombi kwa majini, au talasimu: hiyo ni haramu, na mwenye kuitakidi kuwa yenyewe yaleta manufaa au yaondoa madhara ameingia katika shirki. Imam Ahmad amepokea kwa Uqba bin Amir ya kuwa watu kumi walimjia Mtume (S.A.W.) kutoa ahadi ya utiifu, akawapokea tisa akajizuia na mmoja. Walipomwuliza sababu, akawaeleza kuwa mtu huyo ana hirizi. Yule mtu akaingiza mkono wake akaikata, ndipo Mtume akampokea. Kisha akabainisha kuwa mwenye kutungika hirizi ameshiriki. Ndugu zangu, huyu mtu alikuja kusilimu; hakuja kufanya uovu. Na mkono wa Mtume ulikuwa umbali wa dhiraa moja tu. Kipande cha uzi na ushanga kilitosha kuuzuia.

Na Abu Daud amepokea kisa cha Abdullah bin Masud na mkewe Zainab. Alimwona ana uzi shingoni, akaukata, akasema jamaa za Abdullah hawana haja ya shirki. Mkewe akamjibu kwa hoja ambayo tunaisikia kila siku mitaani kwetu: jicho langu lilikuwa likinisumbua, nikaenda kwa Myahudi fulani akanisomea, likatulia! Ibn Masud hakumwambia wasema uwongo. Alimwambia kuwa hiyo ilikuwa kazi ya shetani, akilichoma jicho kwa mkono wake na kuliacha linaposomewa. Na kwamba ingemtosha kusema dua aliyokuwa akiisema Mtume ya kumwomba Mola wa watu aondoe maradhi. Basi yule asemaye "lakini bibi yangu aliivaa ikamfaa" ajue kuwa hoja yake ni kongwe, na jawabu lake ni kongwe vile vile.

Ama hirizi yenye Qurani tupu, au majina ya Mwenyezi Mungu na dua zilizothibiti, hapa wamehitilafiana, wala si haki kuficha hitilafu hiyo ili hoja yetu ionekane na nguvu. Imepokewa ya kuwa Abdullah bin Amr bin al-As alikuwa akiwafundisha watoto wake wakubwa dua ya kujikinga, na wadogo wasioweza kuhifadhi akiwaandikia na kuwatungikia. Wamepokea Abu Daud na Tirmidhi. Imam Malik hakuona ubaya ikiwa imo katika mwanzi au ngozi ikashonwa. Na Imam Nawawi, naye ni nguzo ya madhehebu yetu ya Shafii, katika kitabu chake at-Tibyan amesema kuwa si haramu, walakini kuiacha ni bora, kwa kuwa hubebwa hali mtu hana udhu. Upande wa pili wako Ibn Masud na wanafunzi wake. Ibrahim an-Nakhai ameeleza kuwa walikuwa wakizichukia zote, za Qurani na zisizo za Qurani.

Sisi twashika upande wa kuacha, nazo ni sababu zetu. Kwanza, makatazo yamekuja kwa jumla, na sahaba aliyeruhusu alikuwa akimfundisha mtoto kwanza. Maandishi yalikuwa ni ya asiyeweza kusema. Leo mambo ni kinyume: mtu mzima wa miaka 40 aweza kusoma Ayatul Kursi, haisomi, ameivaa. Pili, Qurani hiyo yaingia chooni pamoja na mvaaji. Tatu, na hii ndiyo kubwa, nani ajua kilichomo ndani? Mwanzi uliozibwa tangu enzi za bibi waitwa "Qurani" kwa kudhani tu. Mwenye kutegemea rukhsa ya Imam Malik sharti kwanza ajue kama ni Qurani, na hajui mpaka afungue, naye haogopi kitu kama kufungua! Khofu hiyo yenyewe yatosha kuwa dalili ya itikadi iliyomo. Aliyeitungika Qurani kwa baraka tu hawezi kuogopa kuiona Qurani.

Walakini twawaonya vijana wetu. Msimwite mama yenu mshirikina kwa sababu ya mkufu alioukuta shingoni mwake tangu utotoni. Wapo waliovaa kwa kufuata ada na kutaka baraka, wala hawakupata mtu wa kuwafundisha. Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui alipotoa gazeti lake la al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, alikuja kufundisha watu wake, hakuja kuwatoa katika dini yao. Ufundishe kwa adabu, na mkono wa mzee uubusu kwanza.

Na mtoto aliyevishwa hirizi akiwa na homa? Hapa hatuna upole. Nchi za ziwani, na Migori ni mojawapo, ni nchi za malaria, na malaria yaweza kumwua mtoto mchanga kwa muda mfupi. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mabedui kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu, akawaeleza kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila aliuwekea dawa, isipokuwa uzee, ni hadithi ya Usama bin Sharik. Mzazi ampeleke mtoto apimwe damu siku ile ile, na njiani amsomee dua ile ambayo Mtume aliwasomea Hasan na Husein, akasema kuwa Nabii Ibrahim alikuwa akiwasomea Ismail na Is-haka. Imo katika Bukhari. Kusoma hakuchelewi wala hakuna gharama. Siku tatu za kungoja fedha ifanye kazi, huyo mtoto angekufa, wazazi wake wangejibu nini?

Ama swali la urithi, jawabu lake ni fupi. Kila alichoacha maiti kilicho mali ni urithi, baada ya gharama za maziko, na deni, na wasia wa haki. Sheria haina fungu liitwalo "kinga ya ukoo". Mapambo ya mwanamke ni mali yake mwenyewe, si ya mumewe wala si ya mwanawe mkubwa, na akifa huingia katika mirathi kama shamba na kama nyumba. Aya ya 7 ya Sura ya an-Nisaa imetaja fungu la wanaume na fungu la wanawake katika walichoacha wazazi, kisha ikaongeza: kiwe kichache au kiwe kingi. Yaani hata njuga moja.

Wametuandikia kuwa sonara aliipima yote kwa jumla ikawa gramu 280. Warithi ni wanaume wawili na wanawake watatu, na mwanamume hupata fungu la wanawake wawili. Mafungu basi ni saba. Ukigawanya 280 kwa saba ni 40. Kila ndugu wa kiume ana gramu 80, kila dada ana gramu 40. Gramu 40 za fedha si mali ya kumtajirisha mtu, nasi twajua watu watasema: ndugu kugombana kwa kitu kidogo hiki! Maneno haya huambiwa nani? Huambiwa dada. Hatujapata kusikia kaka akiambiwa aache gramu 80 zake kwa ajili ya udugu. Na ikiwa dada wataka kusamehe, wasamehe kwa radhi baada ya kujua kiasi cha haki yao. Msamaha wa mwenye kutahayari mbele ya wajomba si msamaha.

Twataka wasomaji waone jinsi mambo haya mawili yalivyofungamana. Huyu hakuwadhulumu dada zake kwa upanga. Aliwadhulumu kwa khofu. Aliposema "haipimwi," watu walinyamaza kwa sababu itikadi yao ilikuwa imekwisha kuharibika kabla. Lau wangalijua kuwa ile ni fedha ya riale iliyofuliwa kwa nyundo, wangaliitia mizanini siku ile ile. Na ushahidi kwamba naye hakuiamini sana ni kwamba mnunuzi alipotaja bei, balaa haikutajwa tena.

Sasa masala ya miwa, nayo ndiyo yenye kutaka uangalifu. Fedha na dhahabu zimo katika vitu ambavyo riba huingia. Mtume (S.A.W.) ameamrisha fedha kwa fedha iwe sawa kwa sawa, mkono kwa mkono, na zikihitilafiana jinsi, kama dhahabu kwa fedha, kuzidiana kwafaa lakini mkono kwa mkono. Wanavyuoni wengi wa zama hizi, na Baraza la Fiqhi la Kiislamu katika kikao chake cha mwaka 1986, wamezitia noti za karatasi katika hukumu hiyo hiyo, kwa kuwa zimekuwa ndiyo thamani za vitu. Basi anunuaye mafungu ya fedha ya dada zake kwa shilingi, atoe shilingi pale pale na kupokea fedha pale pale. Kusema "miwa ikikatwa", na miwa huchukua mwaka na nusu au zaidi kukomaa, ni kununua fedha kwa pesa za kungoja, nayo ni riba ya kuchelewesha hata kama hakuongeza senti moja. Wengi hawalijui hili, wanadhani riba ni ya benki tu.

Njia ya halali ziko. Amwuzie mnunuzi wa nje kwa pesa taslimu na wagawane mafungu saba. Au akope kwa mtu mkopo usio na ziada, awalipe dada zake leo, kisha deni la mkopo alilipe kwa miwa. Au awape mbuzi au ng'ombe mkononi kwa maridhiano, kwani mnyama hana riba na fedha. Bei ikizidi uzito kwa sababu ya ukale na ufundi si neno, maadamu kinachotolewa ni shilingi na si fedha.

Na kwa kuwa tumefika hapa, twawaambia dada zetu wa mijini wanaokwenda kwa sonara na kikuku kikuukuu wakatoka na kipya, wakiongeza kidogo "kwa ajili ya ujira": hiyo ndiyo riba yenyewe, fedha kwa fedha na dhahabu kwa dhahabu kwa kuzidiana. Uza cha zamani, pokea pesa zako mkononi, kisha nunua kipya. Hivyo ndivyo Mtume alivyomfundisha yule mtu wa Khaibar aliyekuwa akibadilisha pishi mbili za tende duni kwa moja ya tende nzuri: auze zile kwa dirhamu, kisha anunue hizi. Na Fadhala bin Ubaid alinunua kidani siku ya Khaibar kwa dinari 12, kina dhahabu na shanga. Alipokitenganisha akaona dhahabu yake peke yake yapita dinari 12. Akamtajia Mtume, akakatazwa kukiuza mpaka kitenganishwe. Ni hadithi ya Muslim. Hirizi zetu zenye marijani na utomvu ndani yake ni mfano wa kidani hicho. Usikubali kubadilishana fedha kwa fedha katika kitu kilichojazwa usichokijua.

Uangalifu mwingine kwa muuzaji. Akimjua mnunuzi kuwa ataka kuitumia kwa kinga, au ataka kumwuzia mtu kwa kumwambia "hii ina nguvu za wazee", asimwuzie, kwa sababu tumekatazwa kusaidiana katika dhambi. Akiwa ataka kuiweka katika makumbusho au kwa pambo, hapana ubaya baada ya kutolewa kilichomo. Tena sheria ya Kenya ya mwaka 2006 juu ya makumbusho na turathi imevihesabu kuwa vya kale vitu vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895, na havitolewi nje bila ya kibali. Mnunuzi mwenye haraka ya kuondoka nayo usiku aulizwe habari hiyo. Na mnunuzi naye atahadhari: iko madini iitwayo fedha ya Kijerumani, ambayo ni shaba, nikeli na zinki, haina fedha hata chembe, nayo hufanywa ionekane kuukuu. Muuzaji ajuaye aibu ya kitu akanyamaza ameghushi.

Zaka tutaitaja kwa ufupi. Katika madhehebu yetu pambo la halali ambalo mwanamke alivaa halina zaka kwa kauli iliyo dhahiri. Walakini fedha iliyotumiwa kwa haramu, au iliyofungiwa kwa nia ya kulimbikiza, ina zaka ikitimiza kiasi na mwaka. Kiasi chake ni dirhamu 200, ambazo ni karibu na gramu 595 za fedha safi. Kwa riale za Maria Theresa, 25 hazifiki na 26 zafika. Hirizi ya Awendo peke yake haifiki. Lakini yako masanduku Lamu na Mombasa yenye mitali, vikuku na hirizi za vizazi vitatu, yameliwa na vumbi, na wenyewe hawajapata kuyatia mizanini. Nayo yapimwe.

Limebaki la kilichomo ndani. Mpelekeeni sonara aufungue mwanzi kwa moto mdogo, na msome Bismillahi kama msomavyo kwa kila kazi. Hapana kafara wala ubani unaohitajika. Mkikuta Qurani au jina la Mwenyezi Mungu, ioshwe mpaka wino utoke, au ichomwe na majivu yake yafukiwe mahali safi, kwani Sayyidna Uthman alizichoma kurasa alipokusanya msahafu, wala hakuchoma ila kwa heshima. Mkikuta miraba na Buduh, chaneni mchome. Msipokuta kitu, waiteni watoto waone.

Baada ya hapo mwanamke akitaka kuivaa iwe pambo tu, fedha kwake ni halali. Sisi twapendelea sonara aivunje sura ile aifanye mkufu au bangili, khasa ikiwa mvaaji ni mtu anayeigwa na majirani, kwani wao wataona hirizi shingoni na hawataona kuwa ndani ni tupu. Mwanamume asiivae kwa hali yoyote. Fedha iliyoruhusiwa kwake ni pete.

Dada zetu wa Awendo waliuliza pia juu ya kombe la zafarani linalonywewa kwa maradhi. Hilo lina hadithi zake na hitilafu zake, na tutalisoma katika darasa la mwezi ujao inshaallah.